Kujua Kabla ya Kuulizwa: Programu ya Milisho Mezani pa Mkutubi

Mkutubi wa shule hapa Nairobi anatarajiwa kujua mambo ambayo hakuna mtu aliyepewa kazi ya kumwambia. Mwalimu wa Kiswahili akiingia maktabani na kuuliza kama riwaya aliyoisikia ikitajwa redioni imefika madukani, anataka jibu papo hapo. Naibu wa mwalimu mkuu akiitisha orodha ya ununuzi wa muhula, kitabu ambacho sikujua kimetoka hakitakuwamo, na kitasubiri hadi muhula mwingine hata kama wanafunzi wanakihitaji leo. Tangu Januari 2026, shule za sekondari pevu zina Gredi ya 10 inayofuata mtaala wa umilisi, huku Kidato cha Tatu na cha Nne wakimalizia mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, kwa hiyo rafu zilezile zinahudumia mitaala miwili kwa wakati mmoja, na orodha za vitabu vilivyoidhinishwa na KICD, taasisi ya taifa ya kukuza mitaala, hazina budi kufuatiliwa kwa macho mawili.

Chombo ninachokitegemea kwa kazi hiyo ni cha zamani, na wenzangu wengi hudhani kilikwisha kufa: programu ya kusoma milisho.

Mlisho ni faili ambalo tovuti hulitunza nyuma ya kurasa zake, likiwa na vichwa vya makala mapya, tarehe zake, muhtasari na viungo. Programu ya milisho hulikagua faili hilo mara kwa mara kwa kila tovuti niliyoichagua, kisha hunipangia yote mahali pamoja. Muundo wa faili hilo uitwao RSS ulianzia katika kampuni ya Netscape mwaka 1999, na muundo mwenzake wa Atom ukakubaliwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2005. Vipindi vya sauti ambavyo wanafunzi wetu husikiliza kwenye simu hadi leo husambazwa kwa RSS, ingawa wasikilizaji wengi hawana habari. Dhana ya kwamba teknolojia hii imekufa ilitokana na uamuzi wa Google wa kuifunga Google Reader tarehe 1 Julai 2013. Kilichofungwa ni programu moja tu. Milisho yenyewe iliendelea kutolewa na tovuti zake, na watumiaji wakahamia Feedly, Inoreader na nyinginezo, ambazo baadhi yake hutumika bila malipo kwa kiwango kinachomtosha mkutubi wa shule moja.

Nimewahi kuulizwa kwa nini nisitosheke na kundi la WhatsApp la wakutubi. Kundi hilo nalithamini, kwa sababu ukiuliza swali saa mbili usiku utajibiwa kabla ya saa tatu. Hata hivyo, kiungo cha maana kikitumwa asubuhi, kufikia jioni kimezikwa chini ya salamu za siku ya kuzaliwa na michango ya matanga, na anayekitafuta wiki mbili baadaye atapandisha skrini hadi kidole kichoke. Mitandao ya kijamii nayo huamua yenyewe nitaona nini na kwa mpangilio upi. Programu ya milisho hupanga kwa tarehe, haipendekezi chochote nisichokiomba, na zaidi ya yote ina mwisho: nikishasoma la mwisho, skrini huniambia hakuna jingine. Mtu mwenye kengele ya kipindi inayomsubiri ataelewa kwa nini jambo hilo lina uzito kuliko sifa nyingine zote.

Kazi yenyewe huifanya asubuhi kabla ya gwaride, kompyuta ya kaunta ikiwa bado haijahitajika na mtu. Kidole kimoja hukaa kwenye herufi j, inayonipeleka kwenye kichwa kinachofuata, na kingine kwenye k, inayonirudisha nyuma. Ndivyo zinavyofanya programu nyingi za aina hii. Vichwa vingi navipita bila kufungua. Kinachonivutia nakiwekea nyota na kukisoma wakati wa chakula cha mchana. Picha nimezizima, kwa sababu maandishi matupu hula bando kidogo sana, na siku ambazo intaneti ya shule imekatika mimi hutumia simu yangu na gharama ni ya mfuko wangu.

Katika folda ya fasihi kuna Brittle Paper, tovuti ya habari za fasihi ya Afrika iliyoanzishwa mwaka 2010, pamoja na BBC Swahili, na Global Voices kwa Kiswahili. Katika folda ya taaluma kuna School Library Journal la Marekani na shirikisho la kimataifa la wakutubi, IFLA, ambalo miongozo yake ya maktaba za shule ya mwaka 2015 bado ndiyo ninayoitumia ninapotaka kutetea bajeti. Jarida hilo la Marekani nalisoma kwa tahadhari. Vitabu linavyovihakiki vingi bei yake ikigeuzwa kuwa shilingi na kuongezewa usafiri hutosha kununulia seti nzima ya vitabu vya hapa. Lakini makala yake kuhusu jinsi ya kumvuta mvulana wa miaka kumi na mitano asiyependa kusoma yananifaa sana, kwa sababu mvulana huyo nami ninaye, tena wengi.

Folda ya walimu ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa kuwa si yangu. Humo nimeweka picha ya falaki ya kila siku ya NASA, inayotolewa tangu mwaka 1995, kwa ajili ya mwalimu wa fizikia. Nimeweka pia chaneli mbili za YouTube za masomo ya kemia. Kila chaneli ya YouTube ina mlisho wake, na kwa njia hiyo naona video mpya bila kupendekezewa mabao ya Ligi ya Uingereza.

Mfano wa faida ya milisho ni Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar. Tuzo yake ya Nobel ya Fasihi ilitangazwa Alhamisi, tarehe 7 Oktoba 2021, saa nane mchana kwa saa zetu, na habari hiyo haikuhitaji mlisho wowote, maana Afrika Mashariki nzima iliipata siku hiyohiyo. Jambo lililohitaji mlisho lilikuja baadaye na kimyakimya. Mwaka 2022, Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam walichapisha riwaya yake moja kwa Kiswahili, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Habari za vitabu vya Tanzania huchelewa kuvuka mpaka, nasi hubaki tukidhani kwamba kisichoonekana katika madirisha ya maduka ya Nairobi hakipo. Kwa kuwa nilikuwa nimehifadhi utafutaji wa jina la mwandishi huyo kama mlisho, niliona taarifa hiyo mapema, nikaiandikia ombi la ununuzi kabla mwalimu yeyote hajaiulizia.

Kasoro kubwa ya mpango huu ni kwamba habari ninazozihitaji zaidi ndizo zisizo na mlisho. Waraka muhimu huweza kupandishwa mtandaoni kama faili la PDF lililopigwa skani likiwa limepinda kidogo, kwenye ukurasa usio na tarehe. Mchapishaji naye hutangaza kitabu kipya kwenye Facebook tu, na tovuti yake ikabaki na orodha ya miaka mitatu iliyopita. Hapo kuna hila moja ambayo kila mkutubi anapaswa kuijua: tovuti nyingi zimejengwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, na WordPress hutengeneza mlisho hata kama mwenye tovuti hajui. Ukiongeza neno feed baada ya alama ya mkwaju (/) mwishoni mwa anwani, mara nyingi mlisho hujitokeza. Kwa njia hiyo nimepata milisho ya wachapishaji wa hapa ambao hawakuonyesha dalili yoyote ya kuwa nayo.

Tovuti zisizo na mlisho kabisa nimeziwekea alamisho, nami huzipitia kila Jumatatu kwa mkono. Tena, ipo habari ambayo haitaingia kwenye skrini yoyote. Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi, ambayo kwa kawaida hufanyika Sarit, Westlands, mwezi wa Septemba, hunifundisha kwa alasiri moja mambo ambayo wachapishaji hawakuyaandika popote, na ziara ya Text Book Centre ya Kijabe Street hunionyesha kitabu kimefungwa kwa gundi au kimeshonwa, jambo linaloamua kama kitavuka muhula wa pili.

Kusoma ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ni kuamua nani aambiwe. Nilijaribu kutuma muhtasari wa kila wiki kwa walimu wote, na wachache waliufungua, maana mwalimu wa biashara hana haja na ushairi. Sasa naandika karatasi ndogo yenye sentensi mbili, jina la mwalimu juu, naiweka katika kisanduku chake kwenye chumba cha walimu. “Madam, ile ya mito umeitoa wapi?” aliniuliza mwalimu wa jiografia juzi, akiwa bado ameishika karatasi. Swali la namna hiyo halikuwahi kuletwa na ule muhtasari.

Milisho pia huhitaji kupaliliwa kama rafu za vitabu. Mwishoni mwa kila muhula huangalia ni tovuti zipi sijafungua makala yake hata moja, nazo naziondoa bila huruma. Tovuti inayochapisha makala thelathini kwa siku huondoka hata ikiwa nzuri, kwa sababu inazifunika zile zinazochapisha mara moja kwa mwezi, na uzoefu wangu ni kwamba hizi za mara moja kwa mwezi ndizo zenye uzito.

Katalogi yetu inaendeshwa kwa Koha, programu huria iliyoanzia Nyuzilandi, na matokeo ya utafutaji katika Koha yanaweza kufuatiliwa kama mlisho. Mwalimu wa Kiswahili sasa anafuatilia mada ya ushairi na huona diwani mpya siku ninapoiingiza, kabla sijaipiga muhuri.

Orodha yote ya milisho inaweza kutolewa kama faili moja la OPML na kupakiwa katika programu nyingine, na ndiyo sababu siogopi kampuni yoyote ikifunga milango. Mkutubi wa shule ya msingi iliyoko Buruburu aliniomba faili langu mwezi uliopita. Siku chache baadaye alinipigia simu kuniambia kwamba amefuta folda nzima ya sekondari pevu na kuongeza tovuti mbili za hadithi za watoto ambazo sikuwa nazijua. Moja nimeiongeza kwangu kwa ajili ya wanafunzi wanaosoma kwa shida. Ya pili haina mlisho, kwa hiyo imeingia katika orodha ya Jumatatu.