AC inawaka, inakata: kabla hujamruhusu fundi ajaze gesi

AC ya split ya kawaida, isiyo ya inveta (ile inayobadili kasi badala ya kuwaka na kuzima), ikiwa nzima kompresa yake, yaani pampu ya gesi iliyo kwenye mashine ya nje, hukimbia dakika 10 au 15, chumba kikipoa inapumzika. Mchana wa Februari hapa Dar inaweza isipumzike kabisa, na hilo si ugonjwa. Ugonjwa ni ile inayowaka dakika mbili tatu, inakata, inarudi, inakata tena. Hapo mafundi wengi huja na mtungi wa gesi begani. Mwambie autue kwanza.

Nendeni mkasimame kando ya mashine ya nje, msubiri izime, muone kipi kimesimama.

Kompresa ikinyamaza huku feni ya nje ikiendelea kuzunguka, iliyokata ni ovalodi, kinga ya kompresa yenyewe. Hukata joto au ampea zikizidi, ikipoa inarudisha. Mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita, kile kikopo chenye chaji kinachoisaidia kompresa kuanza. Utasikia kompresa ikivuma "mmmm" sekunde chache bila kuanza, kisha tik, kimya. Zima swichi kuu, fungua kifuniko, maliza chaji ya kapasita kwa kugusisha nyaya za balbu ya 230V kwenye miguu yake (bisibisi inatoa cheche, iache), ndipo uchomoe na kupima. AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) mara nyingi hubeba ya 30 au 35 µF (maikrofaradi, kipimo cha kapasita); fuata iliyoandikwa ubavuni. Ya 35 ikisoma chini ya 32, badilisha. Iliyovimba kichwa kama andazi usihangaike hata kuipima. Mpya iwe na µF zile zile, na volti zisizopungua za zamani.

Kapasita ikiwa nzima, tazama koili ya nje, yale mabomba yenye mapezi yanayotoa joto. Msasani, Kigamboni na Mbezi Beach chumvi ya bahari hula mapezi ya alumini mpaka yanapukutika ukiyagusa. Kwingine ni vumbi tu, na maji ya mpira yasiyo na presha kubwa yanatosha. Halafu yale makaji ya kuzuia wezi. Mtu anafungia mashine ndani ya nondo, anaegesha bati juu lisinyeshewe, hewa ya moto inagonga bati na kurudi kwenye koili ile ile. Mwizi hakuiba, ila kompresa inaungua. Mbele ya feni pabaki wazi kabisa.

Vikizima vyote viwili vya nje kwa pamoja, na ndani bado inapuliza, amri imetoka kwenye bodi ya ndani. Anza na filta. Ukizioshea bombani kila wiki mbili umemaliza nusu ya kesi. Filta ikiziba, koili ya ndani huganda barafu, sensa ya bomba inaamuru kompresa isimame. Pazia zito lililo mbele ya AC nalo linarudisha ubaridi kwenye sensa ya chumba, AC inadhani kazi imeisha. Sensa zenyewe zipime kwa ohmu: ishike kiganjani, namba ishuke taratibu. Isiposhuka, au ikirukaruka, imekufa. Na kama mtu alifunga BTU 24,000 kwenye chumba cha mita 3 kwa 4, hakuna cha kutengeneza: kinapoa upesi, unyevu unabaki, shuka zinanata.

Ikizima mpaka taa ya ndani, ni umeme. Pima volti wakati kompresa inaanza, tena saa mbili usiku mtaa mzima ukiwa nyumbani. Ikishuka chini ya 200, kinga ya umeme ina haki ya kukata; ipe pia ucheleweshaji wa dakika 3 ili presha ya gesi isawazike kabla ya kuwasha tena. Ikiwa mita ya LUKU inasoma vizuri lakini kwenye AC volti zimeporomoka, tafuta waya mwembamba au skrubu iliyolegea na kuungua. Kwa BTU 12,000 vuta waya wa 2.5 mm² kutoka kwenye mkebe wa swichi, usiunge kwenye soketi ya chumbani.

Yote hayo yakiwa safi na barafu bado inashika bomba jembamba, sasa gesi. Lakini gesi haiishi kama mafuta ya gari, imevuja. Paka povu la sabuni kwenye nati za mabomba ya shaba, ziba, vuta hewa yote kwa pampu ya vakyumu, kisha jaza kwa mizani uzito ulioandikwa kwenye kibandiko. R410A, aina mojawapo ya gesi ya AC, huingizwa ikiwa kimiminika, mtungi usio na mrija wa ndani ukipinduliwa kichwa chini.