Siku yangu na plagini zinazogoma

Saa 2 asubuhi. Simu inaanza kuita kabla sijamaliza chai. Prodyuza wa siku hizi haandiki meseji, anatuma sauti ya dakika kadhaa, na tatizo lenyewe analitaja mwishoni kabisa: "Fundi, plagini nimeiweka lakini haionekani." Plagini ni programu ndogo inayochomekwa ndani ya programu ya kutengenezea muziki ili iongeze ala au inogeshe sauti. Nauliza kwanza faili liko wapi. Plagini za muundo mpya, VST3, kwenye Windows zina kwao panapojulikana: Program Files, kisha Common Files, kisha folda ya VST3. Zile za zamani za VST2, zenye faili la dll, kila mtengenezaji huziweka anapotaka, ndiyo maana hupotea hovyo. Huyu wa leo aliliburuta faili la VST3 akaliacha Desktop. Nikamwambia alirudishe mahali pake, aingie Manage plugins kwenye FL Studio, programu anayotengenezea muziki, aagize itafute upya. Imeonekana.

Saa 4. Kinondoni, studio ya mzee mmoja anayerekodi kwaya. Shikamoo, marahaba, karibu kiti. Projekti ya kwaya inafunguka hadi nusu, halafu programu inajifunga yenyewe bila kusema kitu. Vijana wake wameshatoa hukumu: tupige Windows upya.

Hili la kupiga Windows kwa kila ugonjwa linanichosha. Kompyuta inarudi tupu, leseni zote zinataka kuwashwa tena, na plagini mbovu inarudishwa ileile kutoka kwenye flashi ileile. Mimi nataka kwanza kumjua mkosaji. Nikafungua Event Viewer, daftari ambamo Windows huandika matukio yake, upande wa Application, nikatafuta alama nyekundu yenye saa ileile programu ilipojifunga. Ndani yake kuna mstari unaotaja faili lililoanguka. Si kila mara unamtaja mwenyewe. Mara nyingine unakuonyesha faili la Windows tu, na hapo inabidi utoe plagini nje ya folda nusu kwa nusu mpaka umpate. Leo tulibahatika, ikatajwa riveb, plagini ya kuongeza mwangwi, iliyokuwa kwenye sauti za kina mama.

Nikafunga kila kitu, nikaongeza herufi moja mwishoni mwa jina la faili la ile riveb ili FL Studio isiitambue, nikafungua projekti. Ikafunguka yote, wimbo mzima, isipokuwa riveb inayolalamika kwamba haipo. Hapo usiharakishe kuhifadhi juu ya projekti ya zamani, maana mipangilio ya plagini iliyokosekana inaweza kupotea. Hifadhi kwa jina jipya.

"Hii riveb mliipata wapi?" Kimya. Kijana mmoja akaangalia viatu vyake. Ilikuwa ya kukraki, na antivairasi ilishakula kipande chake. Simhubirii mtu, lakini nusu ya kazi zangu zinatoka humo, na mzee analipa ada yangu kwa ajili ya kitu alichoambiwa ni cha bure. Tukaweka Fruity Reeverb 2, ambayo imo humo humo kwenye FL Studio. Mzee akasikiliza akiwa amefumba macho, akasema haoni tofauti. Mimi niliiona kidogo, ila kwa kwaya ile ilitosha kabisa.

Saa 7. Wali maharage kwa mama ntilie.

Saa 9. Manzese, studio ya singeli. Hapa malalamiko ni mawili. La kwanza, sauti inakwaruza. Laptopu ilikuwa inatumia betri, chaja iko kwenye begi, na Windows ikiona betri hupunguza kasi ya prosesa. Tukachomeka chaja, tukaweka hali ya nguvu ya juu. Baffa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta hukiandaa kwa mkupuo mmoja, ilikuwa sampuli 128, vipimo vidogo vidogo vya sauti. Kwa kasi ya sampuli 44100 kwa sekunde hiyo ni milisekunde 2.9 tu za kuikokotoa kazi yote. Nikaipeleka 512, yaani 11.6. Ikabaki sinti moja ya zamani, plagini ya ala ya kielektroniki, inayokwaruza peke yake. FL Studio hupeleka sauti kwa plagini katika vipande visivyolingana ukubwa, na plagini nyingine haziwezi kuvila hivyo. Kwenye dirisha la plagini kuna mipangilio ya kulazimisha vipande vya ukubwa mmoja. Nikaiwasha, kelele ikakata.

La pili ndilo tamu. Mwimbaji akiingia kwenye maiki anajisikia amechelewa, na prodyuza alishamwambia hana taimu. Nikaangalia masta, njia ya mwisho ambamo sauti zote hupita: kuna ikwalaiza (plagini ya kurekebisha besi na sauti kali) ya aina ya linia fezi, inachelewesha sauti kwa sampuli 4096. Gawanya kwa 44100, unapata milisekunde 93 hivi. Singeli yao inakwenda mapigo 240 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 250, robo yake 62.5. Yaani neno linamrudia masikioni robo ya pigo ikiwa imeshapita! Hata mchawi hawezi kurap hivyo. Nikaizima, nikasema irudishwe siku ya kumiksi. Dogo akashika maiki, akamwaga mistari mfululizo, akamgeukia prodyuza: "Enhe, nani hana taimu?"

Saa 12 jioni. Rafiki wa Mombasa anapiga. Kahamia Logic, programu ya muziki ya Apple, kwenye Mac, na plagini yake mpya haionekani. Nikamuuliza wakati wa kuiweka alichagua aina gani. VST3 peke yake. Logic haipokei VST, inataka AU, muundo wa plagini wa Apple wenyewe. Rudia kuweka, chagua AU, basi. Tukamalizia kwa habari za familia, ambazo zilichukua muda mrefu kuliko plagini.

Saa 3 usiku. Sauti nyingine imeingia, ya yule kijana wa Kinondoni. "Fundi, samahani kwa usumbufu. Ulipoondoka, plagini ya besi nayo ikagoma, mzee alikuwa ameshaenda nyumbani, tukaona bora tupige tu Windows."

Nikamuuliza kama projekti ya kwaya waliitoa nje kwanza.

"Ngoja nimuulize mwenzangu, yeye ndiye aliyekuwa na flashi."