Tumefika Island Peak, mita 6,189!

Namshukuru Mungu, tumesimama kileleni Island Peak, Nepal. Jina lake jingine Imja Tse. Kwanza tulipita mji mdogo wa Namche hadi kambi ya chini ya Everest, mita 5,364, mwili uzoee hewa nyepesi. Uhuru nilishafika, ila Kilimanjaro unapanda kwa kutembea. Huku mwishoni ni ukuta wa barafu: viatu vina meno ya chuma, unajivuta kwa kamba, pumzi inakata. Kiongozi wetu, Msherpa (kabila la wenyeji wa milima hii), alikagua mkanda wangu wa kiunoni na kulabu kila tulipohamia kamba nyingine. Hawa watu wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa! Juu kule, mlima Lhotse umeziba kaskazini yote. Mnaopanga kuja, Oktoba ni mwezi mzuri, na siku za kupumzika msiziruke.