Kompyuta 12, wanafunzi 60: nilivyochagua programu za kufundishia

Kabla ya kupakua chochote nilihesabu. Maabara yetu hapa Lindi ina kompyuta 12 za mtumba, RAM GB 2, Windows 7. Mkondo mmoja wa kidato cha pili una wanafunzi 60, yaani watano kwa mashine. Hesabu hiyo ndiyo iliyochagua programu.

Programu za mazoezi, zinazouliza swali na kusahihisha papo hapo, zinamfaa mtu mmoja na kipanya chake. Wakikaa watano, mmoja anajibu na wanne wanamsindikiza. Nimeziacha kwa kipindi cha jioni, kwa wachache waliobaki nyuma.

Mchana natumia uigaji, yaani majaribio ya sayansi yanayofanywa kwenye skrini, hasa wa PhET kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Kundi linaunda saketi sambamba yenye taa mbili. Kila mmoja anaandika daftarini kitakachotokea taa moja ikichomolewa, ndipo wanachomoa. Wengi huandika kwamba zote zitazima. Wasipoandika kwanza, wanacheza tu mpaka kengele. Mtihani ni wa Kiingereza, sawa, lakini uigaji wenye tafsiri ya Kiswahili huwafanya wabishane, na mimi nautaka ubishi huo.

Kwa hisabati, GeoGebra Classic 5, programu ya kuchora maumbo, na projekta moja vinatosha: ncha ya pembetatu inaburutwa huku na huku, jumla ya pembe inabaki nyuzi 180.

Usijaribu programu kwenye laptopu yako. Ijaribu kwenye mashine mbovu kuliko zote, waya wa mtandao umechomolewa, na hesabu dakika tangu kuwasha hadi swali la kwanza. Kipindi ni dakika 40. Ikizidi 8, naiacha. Nyingine huanguka mapema zaidi kwa kudai barua pepe ya kila mwanafunzi. Uigaji mpya wa PhET haufunguki kwenye Internet Explorer. Weka kivinjari cha Firefox ESR 115, ndilo toleo la mwisho linalokubali Windows 7. Kila uigaji hupakuliwa kama faili moja, unausambaza kwa flashi.

Mazoezi ya jioni yako kwenye Kolibri, programu ya masomo inayofanya kazi bila intaneti: laptopu moja ndiyo seva, yaani inayohifadhi masomo, na wengine wanaifikia kwa ruta. Pakua mada unazofundisha tu. Chaneli nzima ya video hujaza diski. Mara nyingi kinachokwamisha ni vitu viwili. Ngome ya Windows (firewall) huzuia mlango 8080 (port), ambao Kolibri hutumia, basi uruhusu. Halafu ruta ikizimika na kuwaka, seva hupewa anwani nyingine ya mtandao (IP) na darasa zima huona ukurasa mtupu. Iwekee anwani ya kudumu ndani ya ruta. Video zisifunguliwe na wote kwa pamoja kwenye Wi-Fi, zitagandaganda.

Ili umeme ukikatika kipindi kisisimame, seva iwe laptopu yenye betri nzima. Ruta nayo ipate betri yake, ila soma volti kwenye adapta kwanza: kuna za 9, kuna za 12.