Vitabu Vinne na Mtu Anayebeba Mzigo

Miezi hii nimesoma vitabu vinne visivyo na undugu wa dhahiri: tamthiliya moja, riwaya mbili, na simulizi ya kweli kuhusu mradi wa kilimo ulioanguka. Vyote nimevipima kwa swali moja, ambalo humjia kwa urahisi mtu anayeishi Mtwara, mji ambao msimu wake wa korosho hauendi bila vibarua wa maghalani na bandarini: je, anayebeba mzigo amepewa nafasi ya kusema?

The Groundnut Affair cha Alan Wood, kilichotoka mwaka 1950, kinaeleza mpango wa karanga ambao Serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1947 katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wood aliwahi kufanya kazi ya habari katika mpango huo, kwa hiyo mambo anayoyasimulia, kama vile vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta na udongo wa Kongwa uliokauka ukawa mgumu kupita kiasi, aliyajua kwa karibu. Kwetu kusini kina uzito wa pekee, maana bandari ya kina kirefu ya Mtwara na reli ya Nachingwea, iliyokuja kung'olewa baadaye, zilijengwa kwa ajili ya karanga hizo. Kinasomeka kwa wepesi na kinachekesha. Hata hivyo ni kitabu cha mabwana na mitambo, na wale waliofyeka pori tunawaona kwa mbali tu. Mpango ulifutwa mwaka 1951, hivyo msomaji wa leo anaujua mwisho ambao mwandishi hakuwa ameuona.

Kuli (1979) ya Adam Shafi inajaza pengo hilo kwa makusudi, kwa kumfuata Rashidi na wenzake wa bandarini Unguja hadi mgomo wa mwaka 1948. Naipenda, ingawa mara kwa mara wahusika wanahutubia pale ambapo wangetosha kuzungumza.

Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, nitaigusa kwa ufupi kwa kuwa imeshaandikwa sana tangu mwandishi atunukiwe Nobel mwaka 2021. Yusuf, kijana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anaandamana na msafara wa biashara kwenda bara, na sura za msafara huo ndizo bora kuliko zote.

Kilichonikaa zaidi ni Kinjeketile (1969) cha Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani yetu ya kusini. (Nakala niliyoazimwa ilipigiwa mistari na mwanafunzi wa mtihani, na mara nyingi mahali pasipostahili.) Vita vya Maji Maji vilianzia Umatumbi mwaka 1905, lakini Hussein haanzi na vita, anaanza na njaa, na watu wanaoswagwa kwenda kulima pamba isiyo yao. Kitunda, anayekabidhiwa kuwafundisha wapiganaji, ana mashaka na dawa yenyewe, yaani maji yanayoaminiwa kuwakinga wapiganaji na risasi, na mashaka hayo yanaipa tamthiliya uzito kuliko ushujaa wowote. Mwishoni Kinjeketile, mganga aliyeitoa dawa hiyo, akiwa mfungwa, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa sababu anajua kuwa kukiri huko kutatumiwa kuwafundisha watoto wasiozaliwa bado kwamba baba zao walikosea kupigana. Sijui tamthiliya nyingine ya Kiswahili inayomwachia mtazamaji uamuzi mgumu namna hiyo.