Maharagwe yalivyoniokoa kwenye somo la rupia

Mtu akikwambia uchumi wa walowezi wa Kizungu Kenya ni mada ya kukariri tu, mwombe akueleze ile rupia, fedha ya wakati huo. Mwalimu mwenzangu mmoja alinishauri niwakaririshe tu: andika ubaoni "Vita Kuu, bei kushuka, fedha kubadilishwa, mishahara kukatwa", wanakili, songa mbele. Kidato cha tatu wakanakili vizuri sana. Jaribio lilipokuja, kundi zima likaandika kwamba Harry Thuku, yule aliyepinga kodi na kukatwa mishahara ya Waafrika, alikamatwa kwa kukataa rupia.

Nikanunua maharagwe sokoni, kilo moja hivi, pesa kidogo tu. Haragwe ni rupia, kipande cha chaki ni pauni. Kijana mmoja mrefu, mpenda mzaha, nikamfanya mlowezi: afisa wa jeshi la Uingereza aliyepewa shamba kwa mpango wa 1919, huku wapagazi Waafrika wa jeshi hilo, Carrier Corps, wale waliotuachia jina la mtaa wa Kariokor Nairobi, wakirudi mikono mitupu. Akakopa benki maharagwe 30 alime kitani. Mazao anauzia London, analipwa chaki, na kila chaki benki inampa maharagwe 15. Chaki 2, deni limekwisha. Akanyoosha miguu.

Ndipo nikatangaza 1920. Rupia iliyokuwa shilingi 1 na peni 4 za Uingereza sasa ni shilingi 2, kwa hiyo chaki moja ni maharagwe 10. Deni ni lile lile 30, ila sasa linataka chaki 3, na kitani nacho kimeporomoka bei.

"Mwalimu, huu ni wizi!"

Nikamwambia atafute pa kutoa. Wala hakufikiri sana: akaigeukia meza ya vibarua, maharagwe yao 6 akayafanya 4. Hakuna aliyemfundisha. Theluthi kamili, kama walowezi walivyokata 1921!

Msichana mmoja wa meza ile, ambaye kodi ya kibanda nilikuwa nimempandishia kutoka 5 hadi 8, akapanda juu ya kiti kuwaambia wenzake wasiguse jembe. Mkuu wa shule akachungulia dirishani. Nikamwambia tumefika Machi 1922, Thuku alipokamatwa na watu wakaandamana Nairobi, akaenda zake.

Ukijaribu, yahesabu maharagwe kabla. Mlowezi wangu alikuwa ameficha mengine mfukoni. Tarehe ziache za mwisho. Mwenzangu yule sasa anataka kuniazima yale maharagwe. Nimemwambia tuliyapikia githeri.