Kioo cha kushoto kiligoma, na motere ilikuwa nzima

Magari mengi madogo ya hapa Lubumbashi yana usukani kulia, ilhali tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Yanatoka Japani, yanashuka Dar es Salaam, yanakatiza Zambia na kuingilia mpaka wa Kasumbalesa. Ukikaa kwenye usukani wa namna hiyo uko upande wa mtaro, na kabla hujatoka kulipita lori, kioo cha kushoto ndicho kinachokuonyesha kama kuna mtu nyuma ambaye ameshaanza kukupita wewe. Nacho kiko ng'ambo ya kiti cha abiria, mkono haufiki. Kwa hiyo changu kilipogoma sikuona kama ni jambo la urembo.

Ukibonyeza kitufe chake cha umeme, kilikuwa kinapanda na kushuka vizuri. Kwenda kulia na kushoto, hakitikisiki. Siku nyingine kinaamka chenyewe, hasa abiria akishafungua na kufunga mlango. Fundi mmoja alibonyeza kitufe kidogo tu akakata shauri: “Papa, motere ilishakufa. Tutafute retro ingine.” Hakuwa amepima kitu, na retro nzima, yaani kioo cha pembeni na vyote vilivyomo, hata ya okazioni (iliyokwisha kutumika), si pesa ya kuchezea. Nikaamua kupima mwenyewe.

Dalili zilikuwa zimeshasema mengi kabla sijafungua hata skrubu. Ndani ya kioo mna motere mbili ndogo: moja ya juu na chini, nyingine ya kulia na kushoto. Kwa kawaida zinalishwa na nyaya tatu: kila motere ina waya wake, na wa tatu zinachangia. Swichi hugeuza chanya na hasi, ndiyo maana motere ileile huenda na kurudi. Sasa, kioo kikiwa kinapanda na kushuka, fyuzi ni nzima na waya wa kuchangia ni mzima. Nikahamishia kitufe kwenye kioo cha kulia: kikageuka pande zote nne. Ikabaki motere ya kulia-kushoto, waya wake, soketi, au sehemu ya swichi inayochagua upande. (Vingekufa vioo vyote viwili, ningeanzia kwenye fyuzi. Na kabla ya fyuzi ningeangalia kama ufunguo umewashwa na kitufe cha kuchagua hakijakaa katikati. Kuna milango iliyofunguliwa bure kwa hilo tu.)

Nikabandua kifuniko cha pembetatu kilicho ndani ya mlango, usawa wa kioo, nikaichomoa soketi. Mdogo wangu akakaa kwenye usukani, ufunguo umewashwa, injini imezimwa. Akabonyeza kushoto: multimita, kile kipimo cha umeme, ikasoma volti 12 na kidogo. Akabonyeza kulia: 12 ileile, yenye alama ya kutoa. Umeme unafika! Hapo ungesema fundi kashinda.

Ila multimita haili umeme, inaonja tu. Waya ambao nyuzi zake zimekatika, zimebaki zinagusana kwa kutu, bado utaionyesha volti 12, kwa kuwa hakuna mkondo wa maana unaopita. Udai mkondo ndipo utaujua. Nikachukua balbu ya taa ndogo, volti 12, wati 5, nikaiunga mahali pa motere: ikawa nyekundu kama kaa linalozimika. Nikairudisha soketi na kupima kwa nyuma yake, motere ikiwa imeungwa: volti 3 na kitu. Nyingine zote zilikuwa zinapotelea njiani. Motere nayo nikaijaribu kando, kwa nyaya mbili kutoka kwenye betri, moja nikiwa nimeiwekea fyuzi: ikageuka huku na huku bila taabu.

Waya wa mlango hukatikia pale unapokunjwa kila siku, yaani ndani ya lile bomba la mpira kati ya mlango na bodi. Nikalishika na kulipinda polepole, mdogo wangu kidole kwenye kitufe. “Yaya (kaka), iko naenda!” Nikaliachia, kikasimama.

Mpira wenyewe ulikuwa umepasuka kwa chini. Kiangazi unaingiza vumbi jekundu, mvua za Novemba zikianza unaingiza maji. Kwa nje waya ulionekana mzima. Nilipouvuta kidogo, ganda likarefuka, maana shaba ndani ilikuwa imeisha. Nilipolikata ganda, nikakuta unga wa kijani.

Nilikata hadi nikaikuta shaba inayong'aa, nikaongeza kipande cha waya wa gari wenye nyuzi nyingi laini, si ule wa nyumba, ambao ukikunjwa mara chache unavunjika. Viungo niliviweka nje ya mpira, kimoja ndani ya mlango na kingine ndani ya bodi, kwa sababu waya uliolehemiwa unakuwa mgumu na hauvumilii kukunjwa. Umeme wa nyumbani ulikuwa umekatika, nikaipasha ncha ya shaba ya kulehemia kwenye mbabula, jiko la makaa, ya mama watoto. Lehemu ikashika vizuri, harufu yake tu ndiyo iliyoleta maneno jikoni.

Balbu ikawaka nyeupe. Motere ikizunguka, multimita ilisoma zaidi ya volti 11. Kabla ya kuufunga mpira nilizivuta nyaya nyingine moja moja, nikakuta wa spika nao unarefuka, nikauunga siku hiyohiyo.